Utetezi wa Jungu la Mama Lishe

Miji ina tabia moja na watu waliotajirika ghafla: huona haya mbele ya wale walioilisha ilipokuwa michanga. Mtu akijenga nyumba ya fahari humficha mama yake mzazi jikoni siku ya wageni, na mji ukipata lami na taa za barabarani humficha mama lishe nyuma ya soko, au humwondoa kabisa. Tendo hilo hupewa majina mazuri. Huitwa usafi, huitwa mpango wa mji, na aghalabu huitwa maendeleo. Jina lake la haki ni utovu wa shukrani. Ifakara, mji wa mpunga katika bonde la Kilombero, umefikia umri ambao miji hushikwa na maradhi hayo, na yafaa hoja ya jungu la mama lishe isikilizwe kabla ya hukumu, maana hukumu nyingi juu yake hutolewa na watu walioshiba.

Bonde hilo limelala baina ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mito mingi huteremka kutoka milimani. Masika maji hutanda juu ya uwanda, na yakijitenga huacha udongo wenye rutuba. Mto Kilombero wenyewe huenda kukutana na Luwegu, na kwa kukutana kwao huzaliwa Rufiji. Mwaka 2002 ardhi oevu ya bonde, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 7,967, iliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar kuwa ni mali yenye thamani kwa dunia nzima. Thamani hiyo Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena walikwisha kuijua zamani, kwa jembe na kwa mtumbwi, bila ya mkataba. Mpunga wa bonde huvunwa, hukobolewa, hupakiwa katika malori, na mchele wake husifiwa Morogoro na Dar es Salaam na watu ambao hawajapata kuuona mto uliounywesha.

Kila mkono unaougusa mpunga huo una heshima yake. Mkulima hutajwa katika hotuba. Mtaalamu wa kituo cha utafiti cha Katrin hutajwa kwa mbegu ya TXD 306, ambayo wakulima huiita Saro 5. Mwenye mashine ya kukoboa huitwa mwenye kiwanda, na mwenye lori huitwa mfanyabiashara. Mkono mmoja tu hauna jina katika hesabu, nao ni ule unaoupika. Tani huhesabiwa, magunia huhesabiwa, ekari huhesabiwa, sahani hazihesabiwi. Hata hivyo hapana mtu aliyepata kula tani. Mpunga haujakamilika ungali shambani, wala ghalani, wala mashineni. Hukamilika unapowekwa mbele ya mwenye njaa, umeiva, una mchuzi, kwa bei anayoiweza. Mama lishe ndiye mtenda kazi wa mwisho wa mpunga, na kumfukuza ni kuivunja kazi ya wote waliomtangulia.

Kibanda chake hakina fahari. Ni nguzo chache na bati au turubai, mabenchi mawili, meza ya mbao, jiko la mkaa au mafiga, na ndoo ya maji ya kunawa. Kazi huanza kabla ya alfajiri. Chenga za mchele, ambazo mnunuzi wa mbali huzidharau, huoshwa, hulowekwa na kusagwa. Hutiwa hamira, tui la nazi na iliki. Humiminwa katika chuma cha vitumbua. Na jua linapochomoza mpakizi wa magunia tayari ana chai mkononi na vitumbua viwili vya moto. Mchana huja wali kwa maharage na mchicha, au kwa perege, kambale au kitoga aliyevuliwa mtoni. Benchi la kibanda hicho huwaketisha bega kwa bega dereva wa bodaboda, karani, mwalimu, mwanafunzi wa chuo cha afya, mkulima aliyekuja kutoka Malinyi kuuza mpunga, na jamaa aliyelala kando ya mgonjwa wake katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Katika ofisi watu hawa hutenganishwa na milango; katika ibada wengine hutenganishwa na dini; sokoni hutenganishwa na bei. Juu ya benchi hutenganishwa na kitu kimoja tu, nacho ni bakuli la pilipili, ambalo nalo hupokezanwa.

Jina lake la zamani, mama ntilie, limetoka katika vinywa vya wateja wenyewe: mwanamume amenyosha sahani na kusema, mama, nitilie. Wapo wanaolicheka jina hilo. Wangelisikiliza vizuri wangesikia ndani yake ombi la mtoto kwa mzazi, na wangejua kwamba biashara hii ilianza kwa udugu kabla haijaanza kwa fedha. Udugu huo ungalipo, nao umeandikwa. Umeandikwa katika daftari la madeni.

Daftari hilo lastahili kutazamwa na wachumi. Fedha za Ifakara hufuata mpunga kama maji yafuatavyo mfereji. Mavuno yakiingia, katikati ya mwaka, mifuko hujaa. Mchele unaponunuliwa na malori kuondoka, mifuko hulegea. Na miezi ya kwanza ya mwaka, wakati mpunga mpya ungali kijani na wa zamani umekwisha, wengi huwa na nguvu za kulima na hawana cha kula. Benki haimkopeshi kibarua sahani ya wali. Mwenye lori hamkopeshi. Mama lishe humkopesha, bila ya riba, bila ya dhamana, kwa kuujua uso wake na nyumba ya kwao. Naye mwenyewe amekopa mchele mashineni na samaki kwa mvuvi, na fedha yake ya akiba iko katika mchezo wa upatu pamoja na wanawake wenzake. Hivyo njaa ya miezi mibaya hugawanywa juu ya mabega mengi hata isimwangushe mmoja. Kibanda kikivunjwa asubuhi moja, wavunjaji huona miti na mabati tu. Hawaoni kwamba wameivunja benki, na kwamba wenye madeni wametawanyika na daftari limekuwa karatasi ya kufungia karanga.

Yapo mambo mengine ya kutahayarisha zaidi. Katika mikutano na semina zinazofanyika katika nchi ya mpunga, chai ya saa 4 huletwa pamoja na vipande vya mkate wa ngano vilivyopakwa siagi ya kopo. Ngano nyingi inayoliwa Tanzania huagizwa nchi za nje kwa fedha za kigeni. Nje ya lango la ukumbi huohuo pana mwanamke mwenye sinia la vitumbua vya mchele uliolimwa mwendo wa saa moja kutoka hapo. Mjumbe hupita mbele ya sinia, huingia ndani, hula ngano ya ng'ambo, hufuta midomo, kisha husimama na kunena juu ya soko la mazao ya mkulima mdogo. Mfano wa mtu huyo ni yule aliyekaa mtoni akapiga mbiu ya kiu. Ikiwa kila semina ya bonde ingeamriwa kunywa chai kwa kitumbua, mkulima angepata soko la chenga zake bila ya hotuba hata moja.

Sasa zitazamwe hoja za wapinzani, maana zipo, na si zote za kupuuzwa. Hoja ya kwanza ni uchafu. Husemwa kwamba vibanda hueneza maradhi, na kipindupindu kilichozuka nchini Agosti 2015 na kurudi tena katika miaka iliyofuata hutolewa kuwa ushahidi. Hapana mwenye akili atakayelitetea jungu lililo wazi kwa nzi wala sahani iliyooshwa katika maji ya jana. Lakini kipindupindu hakizaliwi na mama lishe. Husafiri katika maji yaliyochafuliwa na kinyesi. Mwaka 1854, katika mtaa mmoja wa London, tabibu John Snow aliwatazama waliokufa, akayafuata maji waliyokunywa, akafika penye bomba moja, na mpini wa bomba hilo ukaondolewa. Hakuagiza wapishi wafukuzwe. Somo hilo lisingepaswa kuwa geni Ifakara hata kidogo. Mji huu una maabara iliyoanzishwa na Waswisi chini ya Rudolf Geigy katika miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na katika miaka ya 1990 bonde lake lilikuwa mahali pa kuthibitisha faida ya chandarua chenye dawa kwa watoto wadogo. Wataalamu hawakuihamisha watu kutoka penye mbu kwa marungu. Walichunguza, wakapima, wakawapa watu chandarua. Basi ikiwa malaria ilistahili elimu, jungu nalo linastahili bomba la maji, choo na shimo la taka. Mamlaka inayotoza ushuru kila siku mahali pasipo na bomba, kisha ikaja kuvunja kwa sababu ya uchafu, inamshitaki mama lishe kwa kosa ambalo nusu yake ni la mshitaki.

Hoja ya pili ni njia. Husemwa kwamba vibanda huziba barabara na kuharibu sura ya mji. Barabara kweli ni ya wapita njia, na kibanda kilichosimama juu ya mfereji hudhuru wote masika yanapofika. Lakini mama lishe hakuichagua njia kwa ukaidi. Aliufuata mguu wa mteja. Palipokuwa na pantoni katika mto Kilombero, chakula kilikaa kivukoni, kwa sababu asubiriye hula. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja lenye urefu wa mita 384, abiria wakaacha kusubiri, na hapana mtu mwenye busara atakayelilia pantoni, hasa baada ya ajali ya Januari 2016. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia mwaka 1970, nayo ina masoko yake ya dirishani: gari likisimama Ifakara au Mlimba, wanawake hukimbia na masinia vichwani, na muda wa biashara yao hupimwa kwa king'ora. Lami ya kilomita 66.9 kutoka Kidatu imewaleta wasafiri wengine kwa mwendo mwingine. Kila maendeleo yanapokuja humhamisha mama lishe, naye huhama bila ya kudai fidia. Anachodai ni kidogo: mwenye kuuchora mji amchore naye pia. Ramani yenye nafasi ya benki, kituo cha mafuta na maegesho ya malori, isiyo na nafasi ya watu kula, imechorwa kwa ajili ya mji usio na matumbo.

Hoja ya tatu ni sheria. Husemwa kwamba biashara hii haina utaratibu. Lakini ni utaratibu wa nani uliokosa kudumu? Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi, na watu wa biashara ndogondogo wasio na vitambulisho wakakamatwa mijini kama wazururaji. Desemba 2018 vikatolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na mwenye nacho akaambiwa asisumbuliwe. Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo katika miji mingi wakaondolewa kando ya barabara na kupelekwa katika maeneo yaliyotengwa. Katika miaka isiyofika 40 mtu yuleyule, kwa jungu lilelile, ameitwa mzururaji, kisha mjasiriamali, kisha kizuizi cha barabara. Jungu halikubadilika. Lililobadilika ni jicho la mtazamaji. Kadhalika sheria huagiza halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kati yake ikiwa ya wanawake. Ni sheria njema. Lakini mkopo uliotolewa Januari kwa kununulia masufuria utalipwa na nini, ikiwa Machi masufuria hayo yametupwa juu ya gari la mgambo? Mkono mmoja hupanda na mwingine hung'oa, na yote miwili ni ya mwili mmoja.

Wapenda maendeleo hupenda kuitazama miji mikubwa ya dunia. Vema, na waitazame. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 Waitalia mamilioni, wengi wao maskini wa kusini, walihamia Marekani. Chakula chao kilichekwa; vitunguu saumu vyao vilitukanwa; walezi wa jamii waliwahimiza wapike kama wenyeji. Katika New Orleans, mwaka 1906, mhamiaji kutoka Sisilia aitwaye Salvatore Lupo alifungua duka la vyakula. Husimuliwa kwamba wauzaji wa sokoni, Wasisilia wenzake, walikuwa wakinunua mkate, nyama, jibini na zeituni kila kimoja mbali, wakala wameketi juu ya makasha, hata ikaonekana afadhali vyote vitiwe ndani ya mkate mmoja. Mkate huo wa wachuuzi, uitwao muffuletta, leo ni fahari ya mji ule, na wageni hupanga mstari kuununua. Katika New York wachuuzi wa mikokoteni, Waitalia na Wayahudi miongoni mwao, waliondolewa mitaani na meya Fiorello La Guardia, ambaye mwenyewe alikuwa mwana wa mhamiaji Mwitalia. Naye hakupungukiwa na ukali, na wachuuzi wengi hawakupata nafasi. Lakini alijenga masoko yenye paa katika mitaa ileile, kama lile la Essex Street lililofunguliwa mwaka 1940. Leo duka dogo la mkate wa Kiitalia katika mtaa wa mji mkubwa likifungwa, watu huomboleza kana kwamba wamefiwa. Wajukuu hulilia kile ambacho mababu walikipigia kelele.

Wala si lazima kuvuka bahari. Kampala, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, vijana walikunja mayai ya kukaanga ndani ya chapati na kuwauzia wanafunzi wasio na fedha. Chakula hicho, kiitwacho roleksi, kilikuwa cha kando ya njia. Mwaka 2016 kilifanyiwa tamasha, na Uganda ikakitangaza kwa watalii. Kwa hiyo swali la Ifakara halihusu kama kitumbua chake na sahani yake ya wali kwa samaki wa mtoni vitakuja kuheshimiwa. Vitaheshimiwa. Swali ni kama wanawake wanaovijua watakuwa wangali jikoni siku hiyo, ama heshima itafika na kukuta picha ukutani mwa hoteli.

Utetezi wa kweli haufichi makosa ya anayetetewa. Wapo mama lishe waoshao sahani 50 katika ndoo moja. Wapo wachanganyao mchele hafifu na mchele mzuri na kuuita wote Saro au supa. Wapo wanaotuma mtoto wa kike kuteka maji na kuosha vyombo saa ambayo wenzake wako darasani, na kosa hili ni zito kuliko yote, kwa kuwa hulipia chakula cha leo kwa akili ya kesho. Makosa haya yana dawa, nayo ni ukaguzi wa haki, mafundisho, na umoja wa wenye kazi ambao utaweza kumwonya mwenzao kabla bwana afya hajafika. Mwalimu mwovu haivunji shule, wala daktari mzembe haibomoi hospitali. Iweje sufuria moja chafu livunje mtaa mzima? Na mteja naye asijitoe katika lawama. Mwenye mshahara aliyekula mwezi mzima kwa daftari, kisha akaibadilisha njia ya kurudi kwake nyumbani ili asionwe, ni mvunjaji wa kibanda kama mgambo, tofauti ni kwamba yeye huvunja kimyakimya.

Haki ya jambo hili ni nyepesi kuitaja. Mama lishe apewe mahali palipo na watu, si nyuma ya kaburi la soko. Apewe maji, kivuli na choo kabla ya kuamriwa kuhama. Akaguliwe kwa kanuni inayojulikana, na akihukumiwa ahukumiwe kwa kosa lake mwenyewe. Na ahesabiwe katika hesabu ya mpunga, mahali pa mwisho panapomstahili, ambapo ndipo mahali pa kwanza kwa mwenye njaa. Hayo hayahitaji fedha nyingi kuliko zile zinazotumiwa kuvunja na kujenga, na kuvunja tena. Yanahitaji watawala waketi siku moja juu ya benchi, wale, walipe, na waulize bei ya mkaa.

Mpunga wa Kilombero utaendelea kuota maadamu mito inateremka. Malori yatapita juu ya daraja, na lami itafika mbali zaidi. Lakini mji hauonekani ukubwa wake kwa kile upakiacho na kupeleka kwa wengine. Huonekana kwa jinsi unavyomlisha aliyeingia leo, hana ndugu, ana mgonjwa hospitalini na shilingi chache mfukoni. Mtu huyo hataulizia ramani ya mji. Atauliza palipo na chakula, na ole wa mji ambao hautakuwa na mkono wa kumtilia.